Gazeti la wiki Mwanza linakufa kwa marejesho

Gazeti la wiki likifa Mwanza, matanga yake huwa na wasemaji wa aina mbili. Waliokuwa nalo husema serikali iliwakaba. Wasiokuwa nalo husema Watanzania hawasomi. Yupo msemaji wa tatu ambaye haulizwi: wakala aliyepokea mabando alfajiri stendi ya Nyegezi, akayasambaza kwenye meza za Barabara ya Nyerere, Makoroboi, Buzuruga na Igoma, kisha baada ya wiki mbili akairudishia ofisi nusu ya mzigo, nakala zisizouzika ambazo ndizo marejesho, na kuahidi kulipia nusu nyingine mwisho wa mwezi. Sababu ya kifo imeandikwa kwenye daftari lake.

Tunazungumzia gazeti la aina moja: la wiki, la Kiswahili, lisilo la serikali wala chama wala dhehebu, lenye ofisi Kanda ya Ziwa na linaloandikwa kwa ajili ya watu wa huku. Gazeti ambalo bei ya dagaa Mwaloni Kirumba ni habari ya ukurasa wa mbele, na mabadiliko ya baraza la mawaziri yanaweza kusubiri ukurasa wa tatu. Magazeti ya Dar es Salaam yana ukurasa wa mikoani, na humo Mwanza hupata aya nne akifa mtu au akija waziri. Kwa hiyo nafasi ipo, na habari zipo za kumwaga: viwanda vya minofu ya sangara, dhahabu ya Geita, mizani ya pamba, mipaka ya viwanja inayohama usiku. Kinachokosekana ni njia ya kumfikishia msomaji karatasi na kuirudisha fedha yake ofisini kabla deni la mchapaji halijaiva. Historia ya uchapaji kandokando ya ziwa hili inaonyesha kwamba magazeti yaliyodumu ni yale ambayo mtu mwingine, si msomaji, alilipia njia hiyo.

Uchapaji wenyewe huku si mgeni. Alexander Mackay wa CMS, misheni ya Kianglikana, alipolazimika kuondoka Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea na kazi ya kutafsiri na kuchapa maandiko kwa Kiganda hadi alipofariki Februari 1890. Mashine za kizazi hicho zilitumia herufi za risasi, moja moja, zikipangwa kwa mkono. Hapo kuna jambo ambalo wanaosimulia historia ya magazeti yetu hulipita. Sanduku la herufi lililonunuliwa Ulaya lilijazwa kwa mahitaji ya lugha za huko: e na t tele, k na w za kuhesabu. Chukua kichwa cha habari cha kawaida, "Wakulima wa pamba wakataa makato". Kina herufi 28; kati yake a ni 11, na e hakuna hata moja. Mpangaji aliishiwa a kabla ukurasa haujajaa. Ilibidi apange kurasa mbili, zichapwe, zivunjwe, herufi zirudishwe kwenye vyumba vyake, ndipo aanze kurasa mbili zinazofuata. Basi tunapoona magazeti ya zamani yenye kurasa nne tu tusidhani mhariri hakuwa na la kusema.

Enzi za Mwingereza, Sheria ya Magazeti ya 1928 ilimtaka mwenye gazeti ajisajili na kuweka dhamana. Misheni ziliweza; muuza duka wa Kiafrika hakuweza kirahisi. Ndiyo maana Mwanza ilikuwa na Lumuli la Wakatoliki, na Tabora ikawa na Kiongozi tangu 1950. Tazama nguvu ya gazeti la misheni ilikokuwa: mashine ya kanisa, karatasi ya kanisa, gari la kanisa, na wakala ambaye ni katekista. Katekista hakudai kamisheni, na Jumapili wasomaji wote walikuja mlangoni kwake kwa hiari yao. Hakuna gazeti la kibiashara lililowahi kupata mtandao wa namna hiyo katika kanda hii.

Upande wa pili wa ziwa, Nyanza ya Kenya, walilielewa jambo hili mapema. Luo Thrift, kampuni ya Oginga Odinga, haikuishia kufadhili gazeti. Iliingia kwenye uchapaji wenyewe, na humo likapata nguvu Ramogi, gazeti la Achieng Oneko. Kukamatwa kwa Oneko Oktoba 1952, pamoja na Kenyatta, ni habari ya siasa. Ya kibiashara ni kwamba wafanyabiashara wadogo wa Kiluo walinunua hisa katika kampuni yenye mashine, na mashine ile ilichapa pia kazi za watu wengine. Kwetu Mwanza, ambako wakulima wa pamba chini ya Paul Bomani walijenga moja ya ushirika mkubwa kabisa barani, fedha zilikuwepo. Ziliingia kwenye vinu vya kuchambua pamba. Haikuwa makosa, lakini ndiyo sababu mojawapo iliyoufanya ushirika ule uwe na sauti kubwa kwenye mizani na ndogo kwenye karatasi.

TANU yenyewe ilipigwa marufuku kufungua matawi Jimbo la Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958. Kijarida chake, Sauti ya TANU, kilichoanza 1957 hakikuhitaji mtambo: ilikuwa kazi ya stensili. Unaondoa utepe wa taipureta, unapiga herufi moja kwa moja kwenye karatasi ya nta, herufi inatoboa nta, kisha wino unapita kwenye matundu yale juu ya ngoma inayozungushwa kwa mkono. Ukikosea unapaka dawa, unasubiri ikauke, unapiga upya. Herufi ya o ikipigwa kwa nguvu hukatika yote na kuacha doa jeusi la mviringo. Nakala mia kadhaa hutoka safi. Baada ya hapo nta huanza kuchanika na kurasa kufifia. Kwa chombo hicho duni Mwalimu Nyerere alifikishwa mahakamani mwaka 1958 kwa makala iliyowashutumu wakuu wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Kilichapwa kwa gharama ndogo kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na haja ya kuuza nakala ili toleo lijalo litoke. Huo ndio uhuru ambao gazeti la wiki la leo halina.

Kisha likaja gazeti ambalo, kwa maoni yetu, ndilo gazeti hasa la Kanda ya Ziwa, ingawa halikuwa la wiki wala la kujitegemea. Mradi wa kisomo cha manufaa uliofadhiliwa na UNESCO uliwekwa Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuhudumia mikoa ya ziwa: wanakisomo walijifunza kusoma kupitia pamba, uvuvi, ndizi na malezi. Mtu akishajua kusoma anahitaji kitu cha kusoma, vinginevyo husahau. Hapo ndipo lilipotoka Elimu Haina Mwisho, gazeti la vijijini lililoanzishwa Mwanza mwaka 1974, likitoka kila mwezi kwa herufi kubwa na sentensi fupi. Wasiojua kusoma na kuandika nchini walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, na kufikia 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Soko la wasomaji wapya lilikuwa kubwa kuliko wakati wowote. Ila angalia nani alilipa. Karatasi ilitoka kwa wafadhili, waandishi walikuwa watumishi wa wizara, usambazaji ulifuata ngazi za elimu ya watu wazima kutoka mkoa hadi darasa la kisomo chini ya mwembe. Fedha za kigeni zilipokauka baada ya Vita vya Kagera, karatasi na vipuri vikawa anasa, na uzalishaji wa namna hiyo haukuwa na kitu cha kuushikilia. Wasomaji hawakuwa wameondoka.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na Rai la akina mwanahabari Jenerali Ulimwengu likaanza 1993, gazeti la wiki la kujitegemea likawa kitu kinachowezekana. Hapo ndipo wajasiriamali wa mikoani walipoingia wakiiga umbo la magazeti ya Dar es Salaam bila kuwa na jiografia ya Dar es Salaam. Umbo hilo ndilo limeua mengi, kwa hiyo tulifungue.

Gazeti la kurasa 16 za ukubwa wa A3 lina karatasi nane zilizochapwa pande zote mbili. A3 ni sehemu ya nane ya mita moja ya mraba, hivyo nakala moja ni mita moja ya mraba kamili. Kwa karatasi ya gazeti ya gramu 45, nakala ina uzito wa gramu 45, na nakala 3,000 ni kilo 135. Mzigo huo unaingia kwenye buti la basi bila shida. Tatizo halipo kwenye uzito, lipo kwenye mtambo.

Mtambo mkubwa wa rola umetengenezwa kwa nakala elfu makumi. Ukiwashwa, nakala mia tatu hadi mia tano za mwanzo ni taka: wino haujasawazika na maji, rangi hazijakaa juu ya mwenzake. Kwenye gazeti la nakala 50,000, taka 500 ni asilimia moja. Kwenye gazeti lako la nakala 3,000 ni moja ya sita, na umeilipia. Pleti, yaani mabati yenye sura ya kurasa yanayofungwa kwenye mtambo, nazo hazipungui kwa sababu wewe ni mdogo. Kurasa 16 zinahitaji pleti nane, kila moja ikibeba kurasa mbili. Ukitaka rangi ukurasa wa mbele, pleti moja inakuwa nne, jumla 11. Hapa kuna siri ndogo ya wapanga kurasa ambayo wauza matangazo wengi hawaijui: kurasa hukaa kwa jozi ambazo jumla yake ni 17. Wa 1 anakaa na wa 16, wa 3 anakaa na wa 14, wa 8 na wa 9. Ukishalipia rangi ya ukurasa wa kwanza, rangi ya ukurasa wa mwisho umeipata bila pleti ya ziada. Anayemuuzia mteja tangazo la rangi ukurasa wa 3 badala ya wa 16 anaongeza pleti tatu, na mara nyingi bei ya tangazo haizifidii.

Dar es Salaam mtambo wa rola huwa na kazi usiku, magazeti ya kila siku yanapochapwa. Gazeti la wiki hupewa mchana, na mchana huo huo ndio wa matengenezo. Kikiharibika kitu, wa kusogezwa ni wewe. Zamani kurasa zilisafiri kwa basi zikiwa zimebandikwa kwenye karatasi ngumu, baadaye kwenye sidii. Sasa zinakwenda kwa barua pepe, kwa hiyo safari ya kwenda imekufa. Ya kurudi ipo pale pale: takriban kilomita 1,150 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Kurasa zilizofungwa Jumatatu jioni huchapwa Jumanne, mabando huingia kwenye basi Jumatano alfajiri, na mezani Mwanza hufika Alhamisi. Mabasi kuruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023 kumesaidia kidogo. Gazeti la Mwanza linapita Shinyanga njiani na halishuki huko kama hukulifunga bando lake peke yake, likiwa na jina na simu ya mpokeaji, na kuliweka juu ya la Mwanza. Utashangaa ni mara ngapi bando la Shinyanga limefika Nyegezi na kurudishwa kesho yake kwa nauli ya pili.

Njia nyingine ni kuchapa hapa hapa, kwenye mashine ndogo inayolishwa karatasi za A2 moja moja. Watu huikimbia kwa sababu waliijaribu kwa umbo lile lile la kurasa 16 na nakala 3,000. Piga hesabu: karatasi nne za A2 kwa kila nakala, pande mbili, ni mapito nane, mara 3,000 ni mapito 24,000. Kwa mwendo wa 5,000 kwa saa ni karibu saa tano za kukimbia tu, bado kubadilisha pleti mara nane na kuosha. Umeme ukikatika katikati, uwiano wa maji na wino unapotea na kila kuwasha upya kunakula karatasi. Karatasi ya gazeti hutoa vumbi linalonata kwenye mpira wa mashine, herufi zikaanza kuwa na matundu meupe. Wino haukauki kama kwenye karatasi laini, hunyonywa. Ukirundika nakala mbichi kwa kimo kirefu, upande mmoja unahamia kwa mwenzake. Halafu karatasi 12,000 zinasubiri kukunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine kwa mikono.

Sasa fanya kurasa nane, nakala 1,000, nyeusi tupu. Pleti nne, mapito 4,000, chini ya saa moja ya kukimbia, karatasi 2,000 za kukunja. Gazeti linafungwa saa kumi jioni na asubuhi lipo Buzuruga. Tunashangaa kwa nini umbo hili linaonekana ni aibu. Wahariri hudai kurasa nane "hazijai mkono". Zinajaa, ukiondoa ukurasa wa mastaa, ukurasa wa nyota, na kurasa mbili za ligi ya Uingereza ambazo msomaji alishazijua Jumapili usiku.

Ushauri mmoja wa picha kwa atakayechapa kwenye karatasi ya gazeti, kwa kuwa kosa hili limeenea: karatasi hiyo hunyonya wino na kila nukta hutanuka, hivyo picha hutoka na giza kuliko ilivyo kwenye skrini. Nyuso zetu ndizo zinazoumia, mwenyekiti wa kijiji anageuka kivuli chenye meno. Ng'arisha rangi za katikati kwa makusudi kabla ya kutuma, hadi picha ionekane imefifia kidogo kwenye kompyuta.

Turudi kwa wakala. Tuchukue mfano, si takwimu. Gazeti linauzwa shilingi 1,000. Wakala na muuzaji wa mtaani wanagawana 300, ofisi inabaki na 700. Kuwasha mtambo na pleti ni shilingi 500,000 utake usitake, na kila nakala inaongeza 250. Ukichapa 3,000 umetumia 1,250,000. Zikiuzika 1,500 unapata 1,050,000: hasara ya laki mbili kabla hujamlipa mwandishi hata nauli. Ukichapa 1,700 umetumia 925,000. Meza zile zile zitakuuzia labda 1,450, sawa na 1,015,000, na sasa una ziada ya 90,000. Umepunguza nakala 1,300, wasomaji waliopotea ni 50. Mbona basi wenye magazeti wanachapa 3,000? Kwa sababu mtangazaji wa kwanza huuliza "mnachapa ngapi?" na hakuna anayemuuliza "zinarudi ngapi?".

Na hiyo 1,050,000 haipo mkononi. Wakala hulipa baada ya wiki nne akiwa mwaminifu. Kufikia siku hiyo umechapa matoleo manne, milioni tano za mfano wetu, bila kupokea shilingi. Ndiyo maana magazeti mengi hufa baada ya matoleo machache, na wenyewe wanadhani wameuawa na makala fulani kali waliyoichapa wiki hiyo.

Marejesho yana ufisadi wake mdogo pia. Gazeti hukodishwa: msomaji analisoma pale mezani kwa senti kidogo, analirudisha, na jioni linahesabiwa kuwa halikuuzika. Ukilibana kwa pini mbili pembeni, anayefungua anaonekana. Na usikubali kurudishiwa gazeti zima kwa nauli. Kubali sehemu ya juu ya ukurasa wa kwanza tu, yenye jina na tarehe, ikiwa imekatwa. Gazeti lililokatwa kichwa halikodishwi tena, na bando la vichwa mia tano linaingia kwenye bahasha.

Visiwani hesabu hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu na mitumbwi inalala. Wavuvi wa Ukerewe na visiwa vya Sengerema wana fedha wiki za giza na hawana wiki ya mbalamwezi. Anayepeleka Nansio idadi ile ile kila wiki anajitafutia marejesho kwa ratiba iliyopo kwenye kalenda ya ukutani. Upande wa Usukuma wa pamba ni vivyo hivyo kwa mwaka: msimu wa ununuzi ukifunguliwa karibu Mei, meza za Magu na Kwimba huamka, Januari usizipelekee mzigo. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko kwenye njia ya Sengerema na Geita, na kwa mara ya kwanza gazeti lililochapwa Mwanza usiku linaweza kuwa Geita kabla ya chai bila kutegemea pantoni. Hii ni fursa kubwa kuliko ruzuku yoyote, na hatujaona mwenye gazeti aliyeipigia hesabu.

Wapo wanaosema dawa ni kugawa gazeti bure na kuishi kwa matangazo, wakitaja magazeti ya wiki ya Marekani. Mfano wao ni mzuri, ila haujasafiri vizuri. Chicago Reader lilianza 1971, likagawiwa bure, likaishi kwa matangazo madogo madogo: vyumba vya kupanga, kazi, magari, wachumba. Matangazo hayo yalipohamia intaneti kupitia tovuti ya Craigslist, magazeti ya aina hiyo yaliyumba nchi nzima. Boston Phoenix likafungwa 2013, Village Voice la New York likaacha kuchapa karatasi 2017. Mwanza hatukufika hata kwenye hatua ya kuporwa. Chumba cha kupanga Mabatini au Nyakato kinapatikana kwa dalali, na mkate wa dalali ni kwamba orodha ya vyumba iko kichwani mwake. Anakudai hela ya kuonyeshwa, halafu kodi ya mwezi mmoja. Ukimwambia aichape orodha hiyo gazetini ni sawa na kumwambia agawe duka. Kazi hupatikana kwa ndugu, gari kwa fundi, mchumba kwa shangazi. Lile bwawa la matangazo madogo lililolisha magazeti ya bure halikuwahi kuwepo kwetu.

Yaliyokuwepo ni matangazo ya lazima: mirathi, hati ya kiwanja iliyopotea, wito wa mahakama kwa mdaiwa asiyepatikana, zabuni za halmashauri. Zabuni zilianza kuhamia mtandaoni na sasa zipo NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali ulioanza 2023, hizo tuzisahau. Mirathi na hati zimebaki, na wanaozihitaji wako Mwanza, Geita, Magu. Wakili huzipeleka kwenye gazeti la Dar es Salaam kwa mazoea. Gazeti la hapa lenye leseni likiwa na fomu moja, bei moja, na nakala tano zenye mhuri za kupeleka mahakamani siku hiyo hiyo, lingempunguzia mteja gharama na safari. Tangazo kama hilo hulipwa taslimu kabla ya kuchapwa, na hakuna wakala katikati. Matangazo matano ya hivyo kwa wiki yanashinda nakala 500 za mtaani.

Kuhusu serikali. Hatutaki kusikika kama tunaitetea. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Magazeti ya 1976 kilimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti kwa uamuzi wake, na MwanaHalisi lilionja 2008 na 2012; lilipofungiwa tena 2017 ilikuwa chini ya sheria mpya ya 2016. Mawio, Mseto, Raia Mwema na Tanzania Daima nayo yalifungiwa kwa sheria moja au nyingine. Sheria hiyo ya 2016, ya Huduma za Habari, ilileta leseni ya kila mwaka, na leseni nne kati ya zile zilizokuwa zimezuiwa zilirudishwa Februari 2022. Hayo yote ni kweli na yaliua magazeti. Ila yalikuwa magazeti ya Dar es Salaam yaliyokwisha kuvuka mto wa marejesho. Gazeti la Mwanza la nakala elfu mbili halifungiwi na waziri. Halifiki umri huo.

Mdhibiti wake halisi ni mchapaji. Mashine ndogo ya mkoani huishi kwa vitabu vya risiti vya halmashauri, mitihani ya majaribio ya shule, kalenda za taasisi na kadi za harusi. Mteja mkubwa kuliko wote ni ofisi ile ile ambayo gazeti linataka kuichunguza. Haihitajiki barua wala simu kutoka juu. Mchapaji husoma ukurasa wa kwanza kabla ya kutengeneza pleti, anakuna kichwa, anasema mashine ina hitilafu hadi Ijumaa. Chini ya sheria ya 1976 hata yeye na muuzaji walikuwa hatarini pamoja na mwandishi, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Anayeanzisha gazeti ajue wachapaji wawili, mmoja nje ya wilaya yake, na awe amempima wa pili kwa toleo tulivu kabla hajamhitaji kwa toleo la moto.

Redio nazo zina sehemu yake. Mwanza ni mji wa redio tangu Radio Free Africa iteke masafa ya kanda, na kipindi cha kusoma magazeti asubuhi kiliwafanya wengi wamalize gazeti kabla ya kulinunua. Mwaka 2017 serikali ilielekeza vituo visome vichwa vya habari tu. Gazeti la wiki halikuwa na la kupoteza hapo. Msikilizaji aliyesikia kichwa Alhamisi saa moja asubuhi anahitaji kulikuta mezani saa mbili, na hilo lilishindikana kwa kuwa basi lilikuwa bado njiani. Adui mpya ni PDF ya WhatsApp, inayozunguka siku moja kabla ya mabando kufika. Uvujaji huo huweza kuanzia kwa mtu aliyetumiwa kurasa kwa ajili ya kuhakiki tangazo lake. Mtumie ukurasa wake peke yake.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu, kwa sababu makala kama hii huandikwa kwa shida. Magazeti ya wiki ya kanda hii hayana mafaili kamili. Yaliyorudi kwa wakala yalifungia maandazi. Mwaka mzima wa gazeti la kurasa 16 ni nakala 52, kilo mbili na theluthi hivi, na likiwa la kurasa nane ni nusu yake. Lilazwe bapa kwenye boksi lisilopitisha mwanga, bila gundi ya selotepu wala mpira wa kufungia, mbali na sakafu. Jua na hewa ya ziwa huligeuza rangi ya chai ndani ya miezi. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya 1975 inamtaka mchapishaji apeleke nakala maktaba, na wachache wa mikoani hutimiza. Njia rahisi ni kuandika kwenye mkataba wa uchapaji kwamba nakala kumi za kwanza safi za kila toleo zitengwe kwenye bahasha yenye tarehe, na mchapaji azikabidhi kabla ya kupokea salio lake.